Tone kwa Tone: Mashine za Kugawa Viowevu na Utafiti wa Dawa za Miti ya Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu sisi huitumia methali hii kuhimiza subira na uwekaji wa akiba. Katika maabara ya kutafuta dawa, hata hivyo, haba na haba si fumbo bali ni kazi ya kila siku. Tone la mchujo wa gome hutiwa katika kishimo kidogo cha plastiki, tone la damu yenye vimelea vya malaria hufuata, kisha mkono huhamia kishimo cha pili, cha mia na cha elfu. Iwapo mwenye kutia matone hayo atakosea, kibaba kitajaa vilevile, lakini kitajaa uongo.

Makala haya yananuia kueleza mashine zinazofanya kazi hiyo badala ya mkono wa binadamu, yaani mashine za kugawa viowevu zinazoongozwa na tarakilishi. Tutazitazama kwa jicho la Meru na Embu, kwa sababu miti ya eneo hilo imekwisha kufika maabarani na maswali iliyozua yanaonyesha vyema manufaa na mipaka ya mashine hizi. Hoja yetu ni kwamba mashine haigundui dawa. Huharakisha tu kile ilichopewa, kiwe kweli au kosa. Kwa hivyo thamani ya kazi yake huamuliwa mapema, pale mti unapotajwa jina chini ya kivuli chake.

Swali lililotoka Meru

Anayeshuka kutoka msitu wa Mlima Kenya, upande wa Imenti au wa Embu, hadi nyanda kavu za Tharaka na Mbeere hupita katika hali nyingi za hewa kwa safari ya saa chache. Juu kuna miti mirefu ya msitu wa mvua, katikati kuna mashamba ya chai na kahawa, na chini kuna vichaka vya miiba na miti kama mng'ongo. Wingi huo wa mimea ndio uliowapa waganga wa jadi wa eneo hili ghala pana la dawa.

Mnamo mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mimea kumi itumiwayo na jamii ya Wameru kutibu malaria. Michujo ya baadhi ya mimea hiyo, ikiwemo Ludwigia erecta, Fuerstia africana na Schkuhria pinnata, ilizuia kwa nguvu ukuaji wa vimelea vya malaria nje ya mwili wa binadamu. Vimelea hivyo vilikuwa vya nasaba mbili: moja isiyohimili dawa ya klorokwini na nyingine iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa hiyo.

Mwaka uliofuata, 2008, kundi la watafiti wa taasisi hiyohiyo lilipiga hatua muhimu zaidi. Badala ya kupima mti mmoja mmoja, walipima michanganyiko ya miti inayotumiwa na Wameru, mng'ongo ukiwa mmojawapo. Walibaini kuwa baadhi ya miti inapochanganywa huleta nguvu iliyozidi ile ya mti mmoja ukiwa peke yake.

Jambo hili halimshangazi aliyewahi kumwona mganga akitayarisha dawa. Mara nyingi chungu kimoja hupokea magome na mizizi ya miti kadhaa. Hata tiba ya kisasa ya malaria imefuata njia hiyo: tangu mwaka 2004 sera ya Kenya imependekeza mseto wa dawa mbili, artemetha na lumefantrini, baada ya dawa za awali kushindwa. Leo, vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, na zote ni nchi za eneo letu. Kutafuta michanganyiko mipya si anasa ya wasomi.

Hesabu ya vishimo

Kuuliza ikiwa mti huu na ule hushirikiana ni jambo jepesi kwa ulimi, lakini ni zito kwa mkono. Hebu tufanye hesabu ya mfano.

Miti kumi huzaa jozi 45. Kwa kila jozi, mtafiti hutaka kujua ni kiwango gani cha mti wa kwanza kinachofaa kuchanganywa na kiwango gani cha mti wa pili. Akichagua viwango vinane vya kila mti, atapata michanganyiko 64 iliyopangwa kama ubao wa drafti. Sahani ya kawaida ya maabara ina vishimo 96, navyo vimepangwa katika safu nane za vishimo kumi na viwili. Michanganyiko 64 hukaa humo, na vishimo 32 vinavyosalia hutumiwa kwa ulinganisho: vingine huwekwa vimelea bila dawa, vingine damu isiyo na vimelea, na vingine dawa ambayo nguvu zake zinajulikana.

Kwa kuwa jaribio moja halitoshi, kila sahani hurudiwa mara tatu. Isitoshe, kuna nasaba mbili za vimelea. Jozi 45 mara tatu mara mbili ni sahani 270. Vishimo vya michanganyiko peke yake ni 17,280. Kila kishimo hupokea angalau matone manne: mchujo wa kwanza, mchujo wa pili, damu yenye vimelea, na kemikali ya kupimia ukuaji. Jumla ni matone 69,120. Ikiwa kila tone litachukua sekunde kumi, hizo ni saa 192, yaani siku 24 za kazi ya saa nane bila kupumzika wala kupiga chafya.

Na je, ikiwa chungu cha mganga kina miti mitatu? Miti kumi huzaa michanganyiko 120 ya miti mitatu mitatu. Tukifuata utaratibu uleule wa viwango vinane, vishimo vitakuwa 368,640. Hapo ndipo mkono wa binadamu unaponyoosha bendera nyeupe. Mtafiti asiye na mashine hulazimika kuchagua jozi chache na kuyaacha mengine gizani, si kwa sababu hayana maana bali kwa sababu kidole gumba kina mwisho.

Chimbuko la sahani na pipeti

Vifaa hivi vina historia inayofaa kukumbukwa na nchi zisizo na fedha nyingi. Mwaka 1951 daktari Gyula Takátsy wa Hungaria alihitaji kupima sampuli nyingi za virusi vya homa ya mafua, ilhali vifaa vya maabara vilikuwa adimu nchini mwake. Alichukua bamba la plastiki ngumu, akachonga ndani yake safu sita za vishimo kumi na viwili. Sahani iliyoenea duniani kote leo ni mzao wa uhaba huo.

Pipeti nayo ilikuwa mrija wa kioo ambao mfanyakazi aliunyonya kwa mdomo, hata kama kilichokuwa ndani ni sumu au damu ya mgonjwa. Mwaka 1957, katika mji wa Marburg nchini Ujerumani, Heinrich Schnitger alibuni pipeti yenye pistoni na springi, inayobonyezwa kwa kidole gumba na kuvikwa ncha ya plastiki inayoweza kutupwa. Mdomo ukaokoka; kidole gumba kikachukua mzigo. Wanaofanya kazi hiyo kwa miaka mingi hupata maumivu ya kidole, kifundo cha mkono na bega.

Mwaka 1979 watafiti wa jeshi la Marekani walichapisha mbinu ya kupima dawa za malaria katika sahani za vishimo, ambamo kazi ya kuzimua dawa ilifanywa na mashine huku nyingine ikibakia ya mkono. Waliiita mbinu ya nusu-otomatiki. Vimelea hai hufyonza kemikali iliyotiwa haidrojeni yenye mnururisho, vilivyokufa havifyonzi. Kwa kupima mnururisho uliofyonzwa, mtafiti hujua dawa imezuia ukuaji kwa kiasi gani. Tafiti nyingi za KEMRI kuhusu miti dhidi ya malaria zimefuata mbinu hiyo. Kwa hivyo otomatiki si mgeni kabisa Kenya. Tulikwisha kumkaribisha barazani, ingawa hajaingia ndani.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mashine kamili ya kugawa viowevu ina sehemu nne. Ya kwanza ni jukwaa lenye nafasi maalumu za kuweka sahani, chupa na masanduku ya ncha. Ya pili ni mkono unaosogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Ya tatu ni kichwa chenye pipeti moja, nane, 96 au zaidi. Ya nne ni programu ya tarakilishi inayoamuru kila mwendo: chukua ncha, shuka kiasi hiki, nyonya mikrolita 20, panda, subiri, mimina, tupa ncha.

Ili kuelewa vipimo vyenyewe, msomaji akumbuke kwamba mililita moja ni takriban matone 20 ya kawaida. Mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita, na nanolita ni sehemu moja ya elfu ya mikrolita. Pipeti za mashine hugawa mikrolita kwa wepesi. Kuna mashine nyingine ambazo hazitumii ncha kabisa. Hizo huelekeza mawimbi ya sauti kwenye uso wa kiowevu kutoka chini, na mawimbi hayo hurusha kitone cha nanolita 2.5 kiruke hadi kwenye sahani iliyogeuzwa juu yake. Tone moja la kawaida lingeweza kugawanywa kuwa vitone 20,000 vya namna hiyo.

Faida ya mashine si kasi tu. Katika kuzimua, dawa hupunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, na kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na hatua zote zinazofuata. Tuseme kila hatua huacha ukolezi uliozidi kiasi kinachotakiwa kwa asilimia 5. Kufikia hatua ya saba, ukolezi utakuwa umezidi kwa takriban asilimia 40. Mkono uliochoka saa kumi jioni haufanani na mkono wa saa tatu asubuhi. Mashine hufanya jioni kile ilichofanya asubuhi, na huacha kumbukumbu ya kila tone.

Uwezo huo ndio uliowawezesha watafiti wa kampuni ya GlaxoSmithKline huko Tres Cantos, Uhispania, kupima takriban kemikali milioni mbili dhidi ya kimelea cha malaria. Mwaka 2010 walitangaza hadharani zaidi ya kemikali 13,000 zilizozuia ukuaji wake kwa angalau asilimia 80. Hakuna jeshi la wanafunzi wenye pipeti ambalo lingemaliza kazi hiyo kwa wakati wa kufaa.

Mchujo wa gome si maji

Hata hivyo, tusidhani kwamba kununua mashine kungetatua kila jambo. Mashine hizi zilizoeleka kwanza kwa kemikali safi zilizoyeyushwa katika kiyeyushi kimoja. Mchujo wa gome au mzizi ni kiowevu cha tabia nyingine.

Kwanza, baadhi ya michujo ni mizito na yenye utomvu. Pistoni ikiinuka kwa kasi ya kunyonya maji, mchujo huchelewa kupanda na ncha hujaa hewa. Pili, mimea mingi ina kemikali zitoazo povu kama sabuni. Mashine nyingi hutambua uso wa kiowevu kwa badiliko la umeme kwenye ncha; povu likikaa juu, ncha hudhani imefika, nayo hunyonya mapovu. Tatu, methanoli huvukiza upesi, na mvuke wake ndani ya ncha husukuma matone yaanguke mahali pasipotakiwa. Nne, mchujo uliokuwa mwangavu katika kiyeyushi kimoja waweza kuganda ukikutana na maji, na chembechembe zake zikaziba ncha. Tano, tanini za magome hushikamana na protini za aina nyingi na huweza kuonyesha nguvu ambayo si ya dawa.

Matatizo haya yana tiba. Fundi huamuru mashine inyonye polepole, ingoje kabla ya kupanda, iloweshe ncha mara mbili tatu kabla ya kipimo chenyewe, au iache mchujo utulie na kuchujwa upya. Lakini maamrisho hayo hayatoki kiwandani. Hutoka kwa mtu aliyeijua michujo hiyo kwa macho na mikono yake. Mwanafunzi aliyekwisha kuchemsha gome na kuliona likitoa povu ana ujuzi ambao mashine haina.

Jina la mti na nambari ya sampuli

Tumefika sasa penye jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Ndani ya mashine, mti hauna jina. Una msimbo wa milia uliobandikwa kwenye chupa, na msimbo huo umefungamanishwa na nambari katika tarakilishi. Mashine husoma milia bila kukosea. Haiwezi kujua kama aliyeandika jina la mti siku ya kwanza alikosea.

Mlima Kenya umezungukwa na lugha na lahaja zinazokaribiana bila kuwa sawa: Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kichuka, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere. Mti mmoja waweza kuwa na majina kadhaa, na jina moja laweza kutajwa kwa miti tofauti kutoka mteremko hadi mteremko. Mkusanyaji akiandika jina la kienyeji peke yake, asitaje kijiji, lahaja wala sehemu ya mti iliyochukuliwa, mashine italirudia kosa lake kwa uaminifu katika sahani zote 270. Kosa la mkono huharibu kishimo; kosa la jina huharibu utafiti mzima.

Ndiyo maana watafiti makini hukausha tawi lenye majani na maua au matunda, wakalihifadhi kama ushahidi, mathalani katika mkusanyo wa mimea wa Afrika Mashariki ulioko katika Makavazi ya Taifa, Nairobi. Jina la kisayansi, jina la kienyeji na tawi lenyewe hutembea pamoja. Mwanaisimu anayejua kuandika sauti za Kimeru na Kiembu jinsi zinavyotamkwa, na anayejua kumuuliza mzee bila kumwekea maneno kinywani, anafanya kazi ya maabara ingawa hajavaa koti jeupe.

Jina lina uzito mwingine pia, nao ni wa haki. Gome la mwiria, ambao Wakikuyu huuita muiri na wanasayansi Prunus africana, lilisajiliwa hataza nchini Ufaransa mwaka 1966 kama tiba ya uvimbe wa tezi ya kibofu. Magome ya mti huu yalivunwa kwa ajili ya soko la Ulaya katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, hata ikabidi biashara yake idhibitiwe na mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1995. Huko Shimba Hills, pwani ya Kenya, takriban tani 27 za mmea wa Maytenus buchananii zilivunwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya utafiti wa saratani wa Marekani.

Mashine inayotumia nanolita ina faida hapa: gramu chache za gome hutosha maelfu ya vipimo, na mti hubaki umesimama. Lakini mashine hiyohiyo hurahisisha kuondoka na chupa ndogo ambayo hakuna aliyeiona. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na mwezi Mei mwaka 2024 mataifa yalipitisha mkataba unaomtaka mwombaji hataza ataje asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyotumia. Mtu hawezi kutaja asili ambayo haikuandikwa. Karatasi yenye jina la mti, lahaja na kijiji ndiyo hati ya jamii.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba swali la mganga wa Meru kuhusu miti inayosaidiana ni swali halali la kisayansi, na kwamba kulijibu kikamilifu kunahitaji matone mengi kuliko mkono unavyoweza kuhimili. Tumeonyesha pia kwamba mashine ya kugawa viowevu huondoa uchovu wa mkono, lakini haiondoi haja ya kuujua mchujo wala ya kuandika jina sawasawa.

Ni muhimu kumkumbusha msomaji kwamba kishimo si mgonjwa. Mchujo uliozuia vimelea katika plastiki bado haujapimwa sumu yake, wala haujathibitishwa katika mwili wa binadamu. Mwenye homa aende kupimwa na kupewa dawa zilizoidhinishwa.

Leo eneo hili lina vyuo vikuu vyake: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Chuka vilipata hati zao mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Wanafunzi wao wanaweza kuifikia miti hiyo na wazee wanaoijua kwa safari fupi. Si lazima wangoje mashine ndipo waanze. Wazee wanaondoka kila mwaka, na hakuna pistoni inayoweza kunyonya jina kutoka kaburini. Kalamu, daftari na tawi lililokaushwa vizuri ni vifaa vilivyo mikononi mwetu tayari. Mashine itakapofika, itatukuta tuna kitu cha kuipa.